Aliyelala Kitandani kwa Shemasi

Kituo cha wageni
Jumapili, 25 Agosti 2019

Mama Benita, mke wangu,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwetu, kwako wewe na kwa Benita na Chloé. Mimi ni mzima. Barua hii ataileta Mama Bosibori, yule Mkenya wa benki. Kila Jumamosi kanisa lake la Braamfontein hututembelea sisi tuliofungwa humu. Mpe chai. Akikuuliza habari zangu usilie mbele yake, maana ataniletea machozi yako huku na mimi sina pa kuyaweka.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu waliichukua siku ya kwanza. Ipo simu ya ukutani, lakini foleni yake ni ndefu, na nyuma yako wamesimama wanaume wanaosikiliza kila neno unalomwambia mkeo. Mimi siwezi. Nimeshona nguo za watu katika mji huu tangu Benita hajazaliwa, na hakuna mteja aliyewahi kunisikia nikikuita jina la chumbani.

Unajua walivyonikamata. Polisi waliingia jengo la mafundi kule mjini, kila mtu akakimbia, mimi nikabaki nje kwenye korido na karatasi yangu ya ukimbizi iliyokwisha muda. Basi. Hakuna zaidi ya kusimulia.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kuna afisa anayepita na karatasi za kurudi kwa hiari. Ukitia sahihi wanakupandisha ndege mpaka Kongo, na hapa hukanyagi tena kwa miaka mingi. Usipotia, unangoja wakili wa kanisa apeleke shauri lako kwa jaji, na hakuna anayejua utangoja mpaka lini. Wengi wanatia, maana chumba hiki kinamchosha mtu. Mimi sitii. Kwetu Walungu, huko Kongo, hakuna nyumba iliyosimama, wewe na watoto hamwezi kunifuata, na nikienda ndiyo tumeachana tukiwa hai. Kwa hiyo nangoja.

Kazi yako wewe ni moja, kuchunga mlango. Wanaoletwa humu wanasema maneno juu ya wageni yameanza kuchemka tena mitaani. Ukishaingia jioni usimfungulie mtu. Hata akilitaja jina la Yesu, mwambie Yesu ana funguo zake.

Koti langu la buluu, lile la siku niliyowekewa mikono kuwa shemasi, lirudishe kwenye mfuko wake. Vumbi la mtaa wetu wa La Rochelle halina adabu.

Mume wako anayekupenda,
Gaston


La Rochelle
Ijumaa, 6 Septemba 2019

Baba Benita, mume wangu,

Tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua habari zimefika huko, na habari zikifika kwa watu waliofungiwa hufika zimevimba.

Jumatatu mji uliwaka. Mimi nilikuwa nasuka kule saluni, Rosettenville. Mwenye saluni akatufukuza sote, hata mteja aliyekuwa nusu kichwa. Nikawachukua watoto shuleni. Pale kwenye robot, zile taa za barabara kubwa, walisimama wanaume wenye marungu, wanasimamisha watu na kuwasemesha Kizulu wasikie watajibu vipi. Nikamwambia Benita, ongea. Ongea chochote kwa sauti, wala usiniulize kitu. Akaanza kumgombeza mdogo wake kwa Kizulu kama mama mkwe wa Soweto, tukapita. Unakumbuka ulivyokuwa ukimchapa maneno mtoto huyu kwa kukataa Kiswahili? Kizulu chake ndicho kilichotuvusha.

Tulipofika nikakokota kabati nikaliegemeza mlangoni. Jua lilikuwa bado halijatua mtu alipogonga. Nilikumbuka maneno yako, nikanyamaza. Akagonga tena. Akasema, "Mama Benita, fungula. Ni miye. Bametuchomea." Nikaegemea kabati. Chloé alikuwa ananitazama. Halafu yule mtu akaacha kugonga, akawa analia tu, taratibu, kama mtu ambaye hatarajii kitu tena.

Nimefungua. Nigombeze.

Ni mtu wa kanisani kwetu, Baba Benita. Moto umemla mgongo mpaka bega la kushoto. Pale alipofanyia kazi ndipo alipolala pia, na pamekwisha. Kliniki walimfunga bendeji Jumatano wakatutuma nyumbani, maana walioungua walikuwa wengi na vitanda vichache. Nimempa kitanda chetu. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu hata kijiko namshikia mimi.

Jina lake nitakuambia ukitoka. Sasa hivi si wakati wa majina. Wewe omba tu, na ukae mbali na ile karatasi.

Wakili anasema jaji anaweza kulisikia shauri lako mwezi wa kumi. Benita anauliza kama huko mnapewa chai. Mwandikie jibu, mimi nimeshindwa kubuni.

Mkeo,
Marthe


Kituo cha wageni
Jumatano, 11 Septemba 2019

Mama Benita wangu,

Mwambie Benita chai ipo, na ina sukari kuliko ya mama yake.

Barua yako niliisoma nikagomba peke yangu mpaka jirani wa godoro akaniuliza kama naota. Nilikuambia usifungue, ukafungua. Kisha nikaisoma tena, hasira ikaondoka ikabaki haya. Mara ngapi nimesimama mbele ya kanisa nikawafundisha watu kwamba mwenye nguo mbili na amgawie asiye nayo? Nafundisha vizuri, najua. Wewe hukusimama popote, umetoa kitanda. Mke wangu, nimejivuna juu yako humu ndani, Mungu anisamehe. Nimewaambia hata wale Watanzania wa chumba cha pili.

Lakini jina kwa nini unalificha? Ni yule mjane wa Hillbrow anayeuza mboga? Kama ndiye, mpe na lile blanketi la kijani.

Ijumaa, 13 Septemba

Laiti ningeifunga barua jana na kusali na kulala. Ningekuwa mtu mwenye furaha.

Jana walimleta Joël, kijana wa gitaa wa kwaya yetu. Alipokwisha kulia nikampa maji, akaniambia, "Shemasi, pole na yote. Lakini tulifurahi Jumapili kuona Marcellin yiko muzima. Alikuja kushukuru Mungu, amevaa ile koti yako ya buluu. Mama Benita anamuchunga muzuri sana pale kwako." Alidhani najua. Nikamwambia ndiyo, najua.

Marcellin. Mwanamume, Marthe. Kitandani mwangu, na koti langu mabegani, mbele ya kanisa zima.

Wewe si mgeni wa mila zetu. Umezaliwa kilima kimoja na mimi. Nguo ya mume aliye hai haivaliwi na mwanamume mwingine. Mke akimvika mwingine nguo ya mumewe, amemlilia mumewe kabla hajafa, na wanaoona wanajua nyumba ile imeshazika. Mama yangu alikataa hata kuazima kofia ya baba alipokuwa safarini. Na Jumapili ile walikuwapo watu wa Walungu wangapi kwenye mabenchi? Waliniona nimekufa, wakaitika amina.

Sasa nakuambia nililokuficha. Siku ya polisi nilikimbilia kibanda cha Marcellin mle mle jengoni, kwa sababu kina mlango wa chuma unaoshushwa. Yeye alikuwa ameshaingia. Nilimwona anaushusha. Niligonga kwa mikono miwili. Nikamwita kwa jina lake nikasema, "Marcellin, ni miye Gaston, fungula." Chini ya mlango palibaki nafasi ndogo, nikaona viatu vyake. Havikusogea. Polisi walinishika nikiwa bado nagonga.

Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu kwa niaba yake. Tumeimba naye kwaya moja. Kumbe nilikuwa namtunzia heshima ili aje alale penye ubavu wangu. Wenye maneno walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Gaston


La Rochelle
Alhamisi, 19 Septemba 2019

Baba Benita,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Sasa na mimi nina yangu, na usiyasome haraka.

Kwanza kitanda. Tangu siku ile aliyogonga mimi na watoto tunalala kwa Mama Agnès, chumba cha pili. Wapangaji wote wanajua, waulize. Chloé ananipiga mateke mpaka asubuhi na Mama Agnès anakoroma kama cherehani yako mbovu. Nilikuficha kwa sababu nilijua ukisikia neno mwanamume hutasikia neno mgonjwa. Nilikosea kukuficha. Lakini ulipodhani nalala naye kitanda kimoja, ulinikosea zaidi.

Pili koti. Shati lake lilikatwa kliniki, likabanduliwa pamoja na ngozi. Jumapili alitaka kwenda kumshukuru Mungu, baridi ilikuwa kali, na nguo zote za watu zilikuwa zinambana kidonda. Koti lako ni pana, linakaa juu juu. Mila niliikumbuka. Nilisimama nimelishika, nikamsikia mama yako waziwazi kama yuko nyuma yangu. Nikajiambia, Gaston ni mzima, hafi kwa sababu ya kitambaa. Sikuwafikiria watu wa mabenchi. Hilo ni kosa langu, naomba unisamehe.

Tatu, mlango wa chuma. Jumamosi ile ile niliyosoma barua nilimpelekea chakula, nikamsimamia. Nikamuuliza, "Ndugu Marcellin, siku ya polisi bwana yangu aligonga mulango yako?"

Akaacha kutafuna. "Aligonga."

"Ulimusikia?"

"Nilimusikia, Mama. Nilisikia mpaka jina yangu. Niliogopa. Mikono ilikataa."

"Na ukakuja kugonga kwangu miye?"

"Sikukuwa na mulango ingine ninaijua."

Nilimnyang'anya sahani nikamwaga ugali wote kwenye ndoo. Benita aliniona. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi, nikamtukana yeye, nikawatukana polisi, nikakutukana na wewe. Unajua kwa nini wewe? Kwa sababu ungeniandikia ukweli mwezi wa nane, siku ile nisingefungua. Nakwambia bila kupamba: ningemsikia analia pale nje na ningemwacha. Ningewaambia watoto waimbe ili tusisikie. Kisha nikaingia nikapika upya, nikampa, sikumsemesha.

Bado simsemeshi. Namsafisha kidonda nikiwa nimenuna. Lakini kidonda kinatoa usaha, homa inapanda jioni, na kliniki wamesema alale kifudifudi na asiguse vumbi. Ukiniambia nimtoe, niambie na mahali pa kumpeleka. Nje ya nyumba hii ni barabara tu, na pale kwenye robot wale watu bado wapo.

Nimekukosa, Baba Benita. Hata hasira yako nimeikosa, ile ya karibu, ya kugombana na kula sahani moja.

Marthe


Kituo cha wageni
Jumamosi, 21 Septemba 2019

Marthe,

Mama Bosibori amesimama ng'ambo ya meza ananingoja, muda wa wageni unakwisha, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Unaniuliza atakwenda wapi. Mimi niliulizwa nitakwenda wapi? Nilipogonga kuna aliyewaza mahali pa kunipeleka? Nimeletwa hapa. Nalala na taa haizimwi. Nakula saa wanazotaka wao. Mtu aliyenileta hapa anashikiwa kijiko na mke wangu, na barua zako zinaniomba mimi nimhurumie.

Nakuamini kuhusu kulala kwa Mama Agnès. Haitoshi.

Afisa wa karatasi anarudi Jumatatu tarehe 30. Kabla yake, Jumamosi, Mama Bosibori atakuwa hapa. Nitamuuliza kitu kimoja tu, Marcellin yupo au hayupo. Akiwa bado yuko nyumbani mwangu, Jumatatu natia sahihi. Mtu aliyekwisha kuliliwa hurudi kwao kuzikwa.

Chagua.

Gaston Mushagalusa


La Rochelle
Ijumaa, 27 Septemba 2019

Baba Benita,

Juma zima nimeiandika barua hii kichwani huku nasuka. Mteja mmoja nimemvuta nywele mpaka akaniuliza kama alinikosea.

Koti nimelifua, nimelipiga pasi, limerudi kwenye mfuko. Mama Agnès amempa Marcellin sweta la marehemu mumewe, ambaye hana tena wa kumkataza. Mila ya mama yako nimeitimiza, na Jumapili nilisimama kanisani nikawaambia watu wa Walungu kwa sauti kwamba mume wangu yu hai na koti ni lake. Wengine walicheka, lakini walisikia.

Koti nimelirudisha. Mtu simrudishi barabarani.

Uliniambia nichague, na nimejaribu. Juzi nilimwekea nguo zake chache kwenye mfuko wa plastiki. Nilifika nao mlangoni mwa chumba. Alikuwa amelala kifudifudi, anatetemeka, hajui kama nipo. Nilisimama pale nikikufikiria wewe kwenye ndege. Nikaufikiria uso wa Chloé, ambaye atakua akikujua kwa sauti ya simu tu. Naogopa, Gaston. Naogopa hiyo Jumatatu kuliko nilivyoogopa marungu. Nalala nayo, naamka nayo.

Lakini nikimtoa ili nikupate wewe, nitakuwa nimeushusha mlango ule ule, tena kwa mikono yangu. Wewe utarudi nyumbani ukute mke mwenye tabia ya Marcellin, na hutaniambia kitu, ila utaangalia viatu vyangu na kukumbuka. Mimi sitaki uniangalie hivyo. Kidonda kikifunga ataondoka, nitamwonyesha njia mwenyewe na sitamfungia chakula cha safari. Kabla ya hapo sitamtoa.

Yeye hajui masharti yako. Nimemwambia Mama Agnès peke yake, kwa sababu nilihitaji mtu wa kulia naye. Barua hii Mama Bosibori atakupa kesho. Akikujibu kwamba Marcellin yupo, anakwambia kweli.

Mume wangu, nakusihi kwa magoti. Usitie sahihi.

Marthe wako


Kwa Mama Benita, La Rochelle
Jumamosi, 28 Septemba 2019

Dada Marthe,

Simu yako imezimwa tangu asubuhi na mlangoni kwako sijapata mtu, Mama Agnès anasema umetoka kumtafuta Marcellin. Naandika haya ndani ya gari, nitamwachia mwenye spaza, lile duka dogo la kona, akupe. Rudi nyumbani, dada yangu. Usimtafute tena.

Nilimkuta langoni pa kituo. Alikuwa amefika kabla yangu, sijui alipanda taksi ngapi na mgongo ule. Amevaa sweta ya kijivu, jasho linamtoka na baridi yote hiyo. Nikashuka mbio nikamwambia, "Ndugu yangu, usijaribu. Hapo ndani wataitisha karatasi, na wewe yako imeisha. Nipe ujumbe, nitaupeleka." Akasema Mama Agnès amemweleza kila kitu. Halafu akaniambia, "Mama, siku ile nilifunga. Leo wacha miye nigonge." Sikuelewa, labda wewe utaelewa. Nilimshika mkono kabisa. Akautoa polepole, kwa heshima, akaenda.

Alisema jina lake na jina la mtu aliyekuja kumwona, Gaston Mushagalusa. Wakamuuliza karatasi, akaiweka mezani. Hawakumpigia kelele. Walimwambia akae kwa benchi, na baada ya muda wakampitisha mlango wa ndani. Kabla ya kuingia aligeuka akasema nikuambie utandike kitanda chako, na kwamba Baba Benita sasa hana sababu ya kutia sahihi.

Nilimwona Baba Benita baadaye, na barua yako nikampa. Aliisoma mbele yangu, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kabisa. Akaniuliza, "Yupo?" Dada, nilijua yupo wapi, na sikujua ni jibu gani lingemsaidia. Nilimwambia, "Kwako hayupo tena." Akaitikia kwa kichwa, na hakuandika kitu. Kama nilikosea, nisamehe. Nimefanya kazi ya benki maisha yangu yote na sijawahi kuogopa jibu hivyo.

Jumatatu siruhusiwi kuingia. Wakili nimempigia, atajaribu. Leo tunaomba kwa nyumba ya Mureithi wa kanisa letu. Kama njia ni salama nitakuja kukuchukua na watoto.

Wako,
Bosibori


Kituo cha wageni
Alhamisi, 3 Oktoba 2019

Mama Benita, mke wangu,

Jumamosi jioni walifungua chumba wakaingiza mtu. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipomtambua nilidhani homa yake ndiyo imeniingia mimi.

Nitakuambia yote, hata yasiyonipendeza. Chumba kilikuwa kimejaa, na hakuna aliyetaka alale karibu naye kwa sababu ya harufu ya kidonda. Walimsogeza mpaka pembeni mwa choo. Mimi niligeukia ukutani, na nilifurahi. Aliniambia kitu kimoja tu, "Shemasi, nimekuja kugonga." Jumapili nzima sikumjibu. Joël ndiye aliyempa maji, na kila alipompa alinitazama mimi, nikafumba macho kama ninayesali.

Usiku huo sikulala. Nilikuwa na barua yako na sikuhitaji kuifungua. Nilikuwa nimekasirika na wewe kuliko nilivyokasirika naye, kwa sababu ulisema kweli, na kweli yako ilikuwa inanuka pale pale pembeni mwa choo.

Jumatatu afisa alikuja. Nilipanga foleni, Marthe. Nilikuwa nimeamua. Masharti yangu yalikuwa yametimia, Marcellin hayupo kwangu, lakini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikujali tena masharti yangu mwenyewe. Nilitaka tu kutoka mahali alipo yeye. Nilifika mezani, afisa akanisogezea karatasi, akanipa kalamu, nikaishika. Nikaanza kufikiria ndege, na badala ya ndege nikafikiria jioni ile. Kwamba jioni homa itapanda. Kwamba Joël akilala haamki hata kwa tarumbeta. Nani atamgeuza? Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bosi, samahani, nina mgonjwa chumbani. Nitarudi."

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. "Eish, madala," akasema, yaani mzee, "hapa si hospitali." Na wenzangu kwenye foleni wakacheka. Niliiweka kalamu nikaondoka. Sikurudi, na sitarudi. Nangoja jaji.

Sijamsamehe. Usimwambie mchungaji kwamba nimesamehe, atanisimamisha nitoe ushuhuda. Kila nikiona miguu yake nakumbuka ule mlango. Lakini godoro lake nimelivuta liko karibu na langu, na anayetaka kusema mtu huyu ananuka sasa ananiambia mimi.

Tatizo ni hili. Nesi alipita Jumanne akaacha bendeji mpya na dawa ya kupaka, akasema ya zamani ibadilishwe. Jana nilijaribu. Ya zamani imeshikana na nyama, nikaivuta kidogo, akapiga ukelele chumba kizima kikaamka. Mikono yangu inajua kitambaa, nyama ya mtu haiijui. Nimekaa naye hapa tangu asubuhi, naogopa kumgusa, na yeye anaogopa niguse, tunatazamana kama wajinga wawili.

Mama Bosibori akikuletea barua hii usimwache aondoke bila jibu. Niandikie polepole, hatua moja baada ya nyingine: ile bendeji, wewe ulikuwa unaibanduaje asiumie?

Mume wako,
Baba Benita